Mashine ya presha ya nyumbani: mbona kila ukipima namba ni nyingine?

Swali hili halikosi kutufikia kila tunapoandika kuhusu shinikizo la damu: mtu kapima akapata 148/92, dakika chache baadaye 136/84, naye anataka kujua kama mashine yake ni mbovu. Kwa kawaida mashine haina kosa. Presha hupanda na kushuka kutwa nzima, na hata mkao tu huibadilisha.

Anza na mkono. Ukiuacha ukining'inia au ukaulaza pajani, namba hupanda: kila sentimita 10 chini ya usawa wa moyo huongeza takriban 8. Ulaze juu ya meza, mkanda uwe usawa wa katikati ya kifua. Mkanda wenyewe ufungwe kwenye ngozi, si juu ya shati, ukingo wa chini ukae sentimita 2 hadi 3 juu ya kikunjo cha kiwiko. Kinachotutia wasiwasi zaidi ni mkanda mdogo kwenye mkono mnene, kwa sababu hutoa namba kubwa kuliko ilivyo, na mtu anaweza kuongezewa dawa asizozihitaji. Kabla ya kununua, pima mzunguko wa mkono, katikati ya bega na kiwiko, ulinganishe na vipimo vilivyoandikwa kwenye mkanda.

Nusu saa kabla ya kupima, acha kahawa, sigara na mazoezi. Nenda haja ndogo, kisha kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, miguu haijapishana. Usizungumze mashine inapofanya kazi.

Pima mara 2 asubuhi kabla ya dawa na mara 2 jioni, ukiacha dakika 1 katikati, kwa siku 7. Andika kila namba, hata isiyokupendeza. Siku ya kwanza iache, tafuta wastani wa zilizobaki. Ukifika 135 kwa namba ya juu au 85 kwa ya chini, mwone daktari. Kliniki hutumia 140/90 kwa kuwa wengi hupanda presha mbele ya mhudumu.

Na wastani ukiwa mzuri, dawa ziachwe? Hapana, huenda ni hizo dawa zilizoushusha. Mpelekee daktari daftari lako aamue.

Ukiona 180/120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, ganzi upande mmoja au ulimi kuwa mzito, usikae kurudia kupima. Nenda hospitali saa hiyohiyo.