Je, wajua kwa nini picha huelea ndani ya piramidi ya plastiki?

Ukipita mitaa ya katikati ya Nairobi jioni, huenda ukakuta dirishani mwa duka kisanduku cheusi ambamo kiatu au simu inazunguka hewani bila kushikwa na chochote. Watoto husimama kutazama. Watu wazima hupunguza mwendo huku wakijifanya hawakushangaa. Ukimuuliza mwenye duka, atakujibu bila kusita: hiyo ni hologramu.

Sivyo. Na kujua kwa nini sivyo ndiko kunakomwezesha mtu kujitengenezea kisanduku kama hicho nyumbani Umoja au Kawangware, kwa monita kuukuu, kipande cha plastiki angavu na kompyuta ndogo ya ubao mmoja kama Raspberry Pi.

Hologramu ya kweli haihitaji skrini. Ni utando uliojaa mistari midogo mno. Mwanga ukiipiga, hupinda na kutoka ukiwa umepangika kama ulivyokuwa umepangika ulipotoka kwenye kitu chenyewe. Kwa hiyo ukisogeza kichwa unaona ubavu wa kitu, kana kwamba kipo pale. Wazo hilo lilimjia Dennis Gabor, mhandisi mzaliwa wa Hungaria, mwaka 1947 akiwa kazini Uingereza, na shida aliyokuwa akiitafutia dawa haikuhusu picha za kuelea hata kidogo: alitaka kuboresha hadubini ya elektroni. Mwanga uliofaa kwa wazo lake ulipatikana leza ya kwanza ilipowashwa mwaka 1960, na mwaka 1971 akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Wengi wetu tumebeba hologramu mfukoni bila kujua. MasterCard ilianza kuzitia kwenye kadi zake mwaka 1983, na yule njiwa wa kumetameta kwenye kadi za Visa ni wa ukoo huo huo.

Kwa nini basi kompyuta yetu ndogo isichore mistari hiyo kwenye skrini? Kwa sababu mistari ya hologramu hukaribiana kwa kipimo cha wimbi la mwanga, yaani karibu nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Nukta moja ya monita ya kawaida ya inchi 17 ina upana wa milimita 0.264, kama mara 500 ya kipimo hicho. Ongeza nguvu ya kompyuta utakavyo, nukta hazitapungua unene.

Kinachofanyika ndani ya kile kisanduku ni jambo ambalo kila abiria wa Nairobi ameliona. Panda matatu usiku, kaa dirishani, taa za ndani zikiwaka. Video inayochezwa kwenye skrini ya mbele utaiona pia nje, ikielea juu ya Thika Road, malori yakipita katikati yake. Kioo kinafanya kazi mbili kwa pamoja: kinapitisha mwanga wa nje na kuakisi sehemu ndogo ya mwanga wa ndani. Mchana sehemu hiyo ndogo huwepo vilevile, ila jua huimeza.

Ni ndogo kiasi gani? Mwanga ukikipiga kioo kwa kukabili, kila uso huakisi takriban asilimia 4, na kioo kina nyuso mbili. Kikiinamishwa nyuzi 45, jumla hufika karibu asilimia 10. Kwa hiyo zaidi ya sehemu nane kwa kumi ya mwanga wa skrini yako hupita na kupotea, na jicho linaletewa makombo. Makombo hayo hutosha tu pakiwa na giza nyuma yake. Kazi kubwa hapa ni ya giza na ya kioo. Kompyuta inakuja ya tatu.

Taswira nayo hukaa wapi? Nyuma ya kioo, kwa umbali uleule ambao skrini iko mbele yake. Macho yote mawili huielekea sehemu hiyo na kukubaliana, ndiyo maana ubongo hauleti ubishi. Picha yenyewe ni bapa kama karatasi, lakini imesimama mahali halisi katika nafasi. Weka kitu cha kweli papo hapo nyuma ya kioo, tuseme mfano mdogo wa jengo la KICC uliokatwa kwa kadibodi, halafu skrini ionyeshe mvua na radi tupu. Mvua itanyesha juu ya KICC, si juu ya kioo. Mtazamaji haoni tena skrini wala plastiki, anaona mahali.

Ujanja huu ni wa zamani kuliko umeme majumbani. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1862, John Henry Pepper aliuonyesha katika ukumbi wa Royal Polytechnic Institution jijini London, akifuata wazo la mhandisi Henry Dircks. Mwigizaji alifichwa shimoni mbele ya jukwaa, akamulikwa taa kali, na kioo kikubwa kilichoinamishwa kikamwonyesha kama mzimu katikati ya waigizaji wenzake. Hadi leo mbinu hiyo inaitwa kwa jina la Pepper, jambo ambalo Dircks hakulifurahia. Miaka 150 baadaye, Aprili 2012, mwanamuziki wa rap Tupac Shakur, aliyeuawa mwaka 1996, "alipanda" jukwaani kwenye tamasha la Coachella huko California. Magazeti yakaandika hologramu. Ilikuwa mbinu ileile, kioo kikiwa kimebadilishwa na utando mwembamba wa plastiki uliovutwa ukanyooka. (Zile feni zenye taa zinazochora nembo hewani ni jamaa wengine kabisa: pangaboi huzunguka haraka kuliko jicho linavyoweza kufuatilia, na taa zake huwaka na kuzima kwa mpango.)

Tuje kwenye kutengeneza. Picha za mtandaoni karibu zote huonyesha piramidi ya pande nne iliyosimamishwa kichwa chini juu ya simu, na skrini ikionyesha picha nne zilizopangwa kama msalaba. Kila upande wa piramidi huakisi picha yake, hivyo watu wanne wakizunguka meza kila mmoja ataona kitu kilekile katikati. Kwa simu, kata vipande vinne vyenye umbo la trapeza: sentimita 6 kwa upana wa juu, 1 kwa upana wa chini, na kimo cha 3.5. Kifuniko cha CD kinatosha.

Vipimo hivyo havikutoka hewani. Tunataka kila upande uiname nyuzi 45 kutoka kwenye skrini, ili mwanga unaopanda wima utoke ukielekea mlalo kwa mtazamaji. Toa upana wa chini kwenye ule wa juu, gawa kwa mbili, unapata 2.5. Zidisha kwa 1.414, ambayo ni kipeuo cha pili cha 2, unapata 3.5. Kanuni hiyo hufanya kazi kwa ukubwa wowote. Kwa monita ya inchi 17 ya umbo la zamani, lililokaribia mraba, upana wa juu unaweza kuwa sentimita 26, wa chini 2, na kimo 17. Anayekata pembetatu zenye pande tatu sawa kwa sababu zinapendeza macho atapata piramidi iliyosimama zaidi, kama nyuzi 55, na picha itainama karibu nyuzi 20 kama mtu aliyesinzia.

Lakini mimi ningekushauri uachane na piramidi. Inapendeza ikiwa peke yake, ila inaigawa skrini mara nne. Kwenye monita ya nukta 1280 kwa 1024, kila picha inabaki na mraba wa nukta 341 hivi, na pembeni kuna mistari ya gundi inayokatiza macho. Chukua badala yake kipande kimoja cha plastiki, kiinamishe nyuzi 45 juu ya monita iliyolazwa chali, na uzibe nyuma na ubavuni kwa kadibodi iliyofunikwa kitambaa cheusi. Ataona aliye mbele tu, lakini ataona picha kubwa, safi, na nyuma yake patakuwa na nafasi ya jengo lako la kadibodi.

Plastiki yenyewe isikupe shida. Karakana za mabango ya maduka hutumia pespeksi, plastiki ngumu iliyo angavu kama kioo, kila siku na hubaki na vipande. Cha kuangalia ni unene. Kumbuka kuwa nyuso ni mbili na kila moja inaakisi, kwa hiyo unapata picha mbili zilizoachana kidogo, ya pili kama kivuli cha ya kwanza. Kwa nyuzi 45 zinaachana takriban robo tatu ya unene wa kipande. Kipande cha milimita 3 hutoa picha mbili zilizoachana zaidi ya milimita 2, na maandishi hayasomeki. Cha milimita 1 hupunguza kasoro hiyo hadi mtazamaji wa kawaida asiione. Chembamba zaidi, kama zile karatasi angavu za projekta za zamani, huondoa kasoro kabisa lakini hupinda, na taswira hupinda nayo. Toa ngozi ya karatasi inayolinda pespeksi dakika ya mwisho, maana ikishatoka vumbi huja mbio.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hukigundua baada ya kukosa usingizi: piramidi imekatwa sawasawa, lakini pande mbili zinang'aa na mbili zimefifia. Kisa chake ni skrini. Mwanga unaotoka kwenye skrini ya LCD, yaani skrini bapa za kawaida, hautikisiki kila upande kama mwanga wa balbu, hutikisika katika mwelekeo mmoja tu. Kila uso wa plastiki iliyoinama nyuzi 45 huakisi karibu asilimia 9 ya mwanga unaotikisika sambamba nao, lakini haufiki hata asilimia 1 ya ule unaotikisika kinyume chake. Tofauti ni kama mara kumi! Vaa miwani ya jua ya polaroidi, tazama skrini huku ukiinamisha kichwa, na utaona ikizima na kuwaka. Monita ambayo huzima ukiwa umeinamisha kichwa nyuzi 45 ndiyo nzuri kwa piramidi, kwa kuwa pande zote nne hupata sawa. Kwa kipande kimoja, inatosha kuizungusha monita robo na kulinganisha.

Kuhusu monita, zile za mraba zilizotoka maofisini na kuishia kwa wauzaji wa vitu vya mitumba zinafaa sana. Luthuli Avenue muuzaji atakuuliza, "Boss, yako ni ya VGA ama HDMI?" Nyingi za aina hiyo zina tundu la VGA, njia ya zamani ya kupeleka picha kwenye skrini, na Raspberry Pi hutoa HDMI, njia mpya, kwa hiyo ununue kibadilishi chenye saketi ndani. Waya mtupu hautasaidia, kwani ishara hizo mbili ni za lugha tofauti. Ukiwa na Raspberry Pi 4 au 5, tundu lake ni dogo, aina ya micro-HDMI, nalo linahitaji kebo yake.

Kompyuta yenyewe ina kazi nyepesi. Raspberry Pi ilianza kuuzwa Februari 2012 ikilenga kufundisha watoto wa Uingereza kuandika programu, na hata toleo dogo la Zero 2 W hucheza video bila kuhema. Usiiagize ichore umbo la 3D (lenye urefu, upana na kina) mara nne kwa wakati mmoja. Tengeneza video mapema kwenye kompyuta kubwa, kwa programu ya bure ya kuchora 3D kama Blender, kisha uiache Pi iicheze kwa kuirudia kwa programu ya kuchezea video kama VLC au mpv. Mandhari ya nyuma yawe nyeusi tii, kwa sababu nyeusi ni mahali pasipotoka mwanga, na pasipotoka mwanga plastiki haina cha kuakisi. Kijivu hafifu tu kitakuonyesha mraba wa skrini ukielea na siri itakuwa imetoka. Na ugeuze video kulia kuwa kushoto, la sivyo maandishi yatasomeka kama ya kwenye kioo cha kunyolea.

Faida ya Pi juu ya simu iko kwenye zile pini 40 ubavuni. Kihisi cha mwendo cha bei nafuu kinaunganishwa kwa nyaya tatu, na programu fupi iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Python inawasha video mtu akikaribia na kurudisha giza akiondoka. Mgeni anayekuta kisanduku kitupu kikiwa kimya, kisha mzimu ukatokea, hustuka kuliko aliyeukuta tayari unazunguka.

Stima nayo ni ya kufikiria. Pi 4 inataka chaja ya volti 5 na ampea 3. Ukiipa ya simu ya zamani, alama ndogo ya radi itatokea pembeni mwa skrini, na kwenye kisanduku chako alama hiyo itaelea hewani pamoja na picha. Stima ikipotea ghafla wakati Pi inaandika kwenye kadi ya kumbukumbu, faili huharibika na siku inayofuata haiwaki. Ndani ya raspi-config, programu ya mipangilio ya Pi, kuna mpangilio wa kuifanya kadi isomwe tu bila kuandikwa. Uwashe ukishamaliza kila kitu. Siku ya kubadilisha video utauzima, uwashe Pi upya, uingize faili, kisha uurudishe.