Umri wa Makamo na Bendi ya Mtaani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba aliyevuka miaka 40 amechelewa kujiunga na bendi, kwa sababu vidole vyake vimekwisha kuwa vizito. Ni kweli kwamba kasi hupungua kadiri umri unavyosonga, lakini nyimbo nyingi zinazopigwa na bendi za mtaani hazidai kasi kubwa. Zinachodai ni mapigo thabiti, besi na drams kutua pamoja, na mpiga gitaa la rithimu anayejua kumwachia mwimbaji nafasi. Hayo hukomaa kwa miaka mingi ya kusikiliza. Mpiga piano Rubén González alipoingia studio mjini Havana, Kuba, mwaka 1996 alikuwa na miaka 76, anasumbuliwa na baridi yabisi, na alikuwa ameishi muda mrefu bila piano nyumbani. Hata hivyo rekodi za kipindi hicho ndizo zilizomtambulisha kwa ulimwengu.

Wengine hudhani kwamba mwenye kazi na familia hawezi kufanya mazoezi ya kutosha. Mazoezi mafupi ya kila siku hujenga kumbukumbu ya mikono vizuri zaidi kuliko saa nyingi zilizorundikwa siku moja, maana ubongo huendelea kuimarisha ulichojifunza wakati wa usingizi.

Dhana yenye madhara makubwa zaidi, nayo husikika hasa kwa wanamuziki wa siku nyingi, ni kwamba masikio huzoea kelele. Masikio hayazoei; huharibika. Seli za vinyweleo, zinazonasa sauti ndani ya sikio la binadamu, zikifa hazioti tena, na mtu anayedhani amezoea huenda ameanza kupoteza usikivu. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, inapendekeza kikomo cha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8, na kwa kila desibeli 3 zinazoongezeka muda huo hupungua kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, desibeli 100, kiwango ambacho drams na amplifaya hukifikia kwa urahisi katika chumba kidogo, zinaruhusu dakika 15 tu, ilhali mazoezi ya bendi huchukua saa 2 au zaidi.

Umri nao huanza kuondoa uwezo wa kusikia sauti za juu, yaani zile nyembamba, kabla ya nyingine. Mpiga gitaa ambaye hazisikii vizuri huongeza makali ya chombo chake, mwenzake naye hupandisha sauti ili asifunikwe, na mwishoni mwimbaji hulazimika kupiga kelele. Vizibo vya masikio vya wanamuziki hupunguza sauti za juu na za chini kwa kiwango kinachokaribiana, kwa hiyo muziki hubaki wazi, tofauti na vile vya sponji vinavyofifisha zaidi sauti za juu. Dawa nyingine haigharimu chochote: amplifaya iliyowekwa sakafuni huelekeza sauti kwenye miguu ya mpigaji, naye huipandisha bila sababu. Ikiinuliwa au kuinamishwa nyuma ili ielekee masikioni, yeye mwenyewe ataipunguza. Ningependa kila bendi ianze na hatua hii kabla ya kununua spika kubwa zaidi.

Kwa waimbaji, wapo wanaoamini kwamba kushusha ufunguo wa wimbo, yaani noti kuu ambayo wimbo umejengwa juu yake, ni dalili ya kushindwa. Si hivyo. Sauti ya mtu hubadilika, na kwa wanawake wengi hushuka baada ya kukoma hedhi. Ufunguo unaofaa ni ule unaomwezesha mwimbaji kutamka maneno bila kukaza koo. Kwa wapiga magitaa badiliko hilo ni dogo, lakini penye tarumbeta na saksafoni inafaa kuwauliza wapulizaji kwanza. Noti za tarumbeta ya kawaida huandikwa hatua nzima juu ya zinavyosikika, hivyo wimbo ulio katika G ukishushwa nusu hatua, mpiga tarumbeta huangukia ufunguo wenye alama nyingi zaidi za kupandisha au kushusha noti. Ukishushwa hatua nzima hadi F, yeye husoma katika G na hupiga bila taabu.