Samaki Mgeni na Sponji Hai: Dhana Potofu Kuhusu Karantini ya Tangi la Samaki

Samaki mgeni anayekufa siku ya tatu au ya nne ya karantini, yaani kutengwa kwa wiki kadhaa kabla ya kuingia tangi kuu, mara nyingi hakuuawa na ugonjwa aliokuja nao. Ameuawa na amonia, sumu iliyotoka katika matamvua yake mwenyewe, ikabaki majini kwa sababu ndoo au kitangi alichowekwa hakikuwa na kiumbe yeyote wa kuivunja. Mwenye samaki naye, asijue kilichotokea, hukata shauri kwamba karantini ni usumbufu usio na faida. Samaki wa pili humtia moja kwa moja katika tangi kuu, na huyo ndiye huingia na madoa meupe yanayowamaliza wenzake wote. Dhana zinazojadiliwa hapa husikika Malindi kwa wafugaji wa samaki wa mapambo, wa maji baridi na wa bahari pia, na karibu zote huzaa moja ya hasara hizo mbili.

Dhana: kitangi cha karantini ni cha muda tu, hakihitaji mzunguko

Mzunguko wa nitrojeni ndio unaoamua kama samaki ataishi katika maji aliyowekwa. Samaki hutoa amonia usiku na mchana, sehemu kubwa kupitia matamvua, na kinyesi pamoja na mabaki ya chakula huongeza nyingine. Kundi la kwanza la vijidudu huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili, ambalo katika matangi mengi ni bakteria wa jenasi ya Nitrospira, huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi na ambayo mfugaji huipunguza kwa kubadili maji. Tangi lililoanzishwa bila msaada wowote kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 kabla ya makundi yote mawili kukomaa. Karantini yenyewe huchukua takribani muda huo huo, kwa hiyo samaki anayewekwa katika kitangi kisicho na mzunguko hukaa ndani ya sumu kipindi chote cha kutengwa kwake, tena wakati ambapo safari imemchosha na kinga ya mwili wake imeshuka.

Kwetu sisi wa pwani jambo hili lina uzito zaidi. Amonia huwa majini kwa hali mbili, na ile hali inayopenya matamvua na kuua huongezeka kadiri joto na pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji) vinavyopanda. Kwa joto la nyuzi 28 na pH 7, haifiki asilimia 1 ya amonia yote iliyomo; kwa joto hilo hilo na pH 8, hufika takribani asilimia 6 au 7. Maji ya visima yaliyopita katika mwamba wa matumbawe huwa magumu na mara nyingi pH yake iko juu ya 7, na maji ya bahari hukaribia 8.2. Ushauri ulioandikwa kwa ajili ya nchi zenye maji laini, kwamba amonia kidogo haina neno, usifuatwe hapa.

Nitriti nayo huingia katika damu ya samaki wa maji baridi na kuizuia kubeba oksijeni. Mtazame samaki wa namna hiyo kwa karibu: matamvua yaliyopaswa kuwa mekundu yamegeuka rangi ya kahawia, naye hutweta juu ya maji ingawa pampu ya hewa inafanya kazi. Chumvi kidogo humsaidia, kwa kuwa kloridi iliyomo hushindana na nitriti pale inapoingilia katika matamvua, na hiyo ndiyo sababu samaki wa bahari hawaathiriki sana na nitriti. Chumvi hiyo hata hivyo haiondoi amonia.

Dhana: ukijaza kitangi kwa maji ya tangi kuu, bakteria huja nayo

Bakteria wa mzunguko hawaelei majini ila kwa uchache mno. Huishi wameshikamana na uso wa vitu, yaani katika sponji ya chujio, changarawe, mawe na kuta za kioo, kule ambako maji yenye oksijeni na amonia huwapitia bila kukoma. Maji ya tangi kuu yana faida yake, kwamba samaki hukuta pH na joto alivyotayarishiwa, lakini anayetaka kuhamisha mzunguko hana budi ahamishe sponji.

Njia ninayoipendekeza ni ya gharama ndogo na haina ufundi mwingi. Sponji ya ziada, ile inayoendeshwa kwa pampu ya hewa, huwekwa katika tangi kuu mahali penye mkondo mzuri wa maji, wiki 4 au zaidi kabla ya samaki kununuliwa. Sponji iliyokomaa hujulikana kwa macho na kwa mkono: rangi yake imekuwa ya udongo, na ukiibonyeza ndani ya ndoo ya maji ya tangi hutoa wingu zito la kahawia, ukiibonyeza tena na tena wingu hupungua, lakini vidole bado huhisi utelezi mwembamba katika vitundu vyake. Bakteria wamo ndani ya utelezi huo. Kwa sababu hiyo sponji husafishwa kwa maji yaliyotolewa tangini, kamwe si chini ya mfereji, kwani klorini inayotiwa katika maji ya mji ili kuua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo haiwabagui bakteria wa chujio. Maji ya mfereji yatakayoingia tangini yatiwe kwanza dawa ya kuondoa klorini.

Wapo wanaong'oa sponji pekee ya tangi kuu na kuipeleka karantini kwa nia njema, wakalipokonya tangi kuu sehemu kubwa ya bakteria wake kwa siku moja. Sponji ya ziada inalinda pande zote mbili. Karantini inapokuwa haina samaki, sponji hiyo isiachwe katika maji matupu, kwa maana bakteria wasiopata amonia hudhoofika na idadi yao hupungua; irudi tangi kuu ingoje huko, mradi haikuguswa na ugonjwa wala dawa. Na mwenye tangi la bahari akuze sponji yake katika maji ya chumvi tangu mwanzo, kwa kuwa bakteria waliozoea maji baridi hawahimili kutiwa ghafla katika maji ya bahari wakaendelea na kazi yao.

Niongeze neno kuhusu umeme, ambao hukatika. Sponji iliyo wazi ndani ya tangi hustahimili saa kadhaa za kukosa hewa kuliko chujio la mkebe uliofungwa, ambalo oksijeni yake humalizwa upesi na viumbe waliomo. Pampu ndogo ya betri karibu na kitangi cha karantini ni ya lazima, hasa kwa vile maji ya joto la nyuzi 30 hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya ubaridi.

Dhana: maji yanayong'aa ni maji salama

Amonia na nitriti hazina rangi. Kinachoweza kuonyesha hali ya maji ni kipimo cha matone au cha vijiti, nacho kitumike kila siku katika wiki mbili za kwanza. Amonia na nitriti zikionekana, badilisha sehemu ya maji siku hiyo hiyo na upunguze chakula.

Dhana: samaki wa bahari hutoka katika maji safi, hana haja ya karantini

Dhana hii ni ya kwetu kabisa, kwa sababu bahari iko mlangoni na samaki anaweza kutoka kwenye mwamba asubuhi na kufika tangini kabla ya adhuhuri. Awali ya yote, asitoke katika Hifadhi za Taifa za Bahari za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, ambamo uvuvi hauruhusiwi. Na hata nje ya mipaka yake, biashara ya samaki wa mapambo huhitaji leseni.

Samaki wa mwambani anaweza kubeba kimelea aitwaye Cryptocaryon irritans bila kuonekana kuumwa. Kimelea huyu hula chini ya ngozi na katika matamvua, kisha hujiachia, huanguka chini, hujifungia ndani ya kifuko na kugawanyika. Kifuko kinapopasuka hutoa wadogo wengi, wakati mwingine mamia, ambao wasipopata samaki wa kuingia upesi hufa. Baharini, mkondo na upana wa maji huwatawanya, hata wengi wao hawampati samaki yeyote. Ndani ya tangi la lita 200 hakuna pa kutawanyikia, na kila kizazi humkuta samaki yule yule amesimama pale pale. Usafi wa bahari, kwa hiyo, haumkingi samaki aliyekwisha kufungwa ndani ya kioo. Vifuko hivyo kwa kawaida hupasuka kati ya siku ya 3 na ya 28, lakini vingine vimeonekana kuchelewa hata siku 72, na ndiyo maana tangi la bahari lililoambukizwa hushauriwa likae bila samaki yeyote kwa takribani siku 76. Ukilinganisha na muda huo, wiki chache za karantini ni nyepesi.

Wengine humtosa samaki katika maji yasiyo na chumvi kwa dakika 5 wakaamini wamemaliza kazi. Josho hilo, likiwa na joto na pH sawa na maji aliyotoka, huwaangusha minyoo bapa wanaong'ang'ania nje ya mwili, lakini halimfikii kimelea aliyejificha chini ya ngozi.

Maji yenyewe ya kujazia kitangi yachaguliwe pia. Wakati wa masika mto Sabaki humwaga tope baharini kaskazini mwa mji, ghuba hugeuka rangi ya udongo na chumvi ya maji hupungua. Yachotwe maji yakiwa yamejaa, mbali na mdomo wa mto, na yapimwe hadi yakaribie gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji.

Dhana: anakula vizuri, wiki moja yatosha

"Bwana, huyu yuko dukani wiki nzima, mzima kabisa," muuzaji husema, na huenda anasema kile anachokiona. Kimelea wa madoa meupe wa maji baridi, Ichthyophthirius multifiliis, kwa joto la nyuzi 25 humaliza mzunguko wake kwa takribani wiki moja, na kwa joto kubwa zaidi hufanya haraka. Katika kizazi cha kwanza anaweza kuwa na idadi ndogo, tena ndani ya matamvua, mahali ambapo jicho halifiki. Madoa yanayofanana na punje za chumvi juu ya mapezi huja baadaye. Dawa nayo humuua tu anapoogelea huru, ndiyo maana huendelezwa hata baada ya madoa kutoweka. Wiki 4 ndicho kiwango changu cha chini, na 6 ni bora. Hesabu huanza upya iwapo samaki ataugua au mwingine ataongezwa humo. Wavu, ndoo na mpira wa kunyonyea maji viwe vya karantini peke yake.

Dhana: dawa iliyo salama kwa samaki ni salama kwa chujio

Methilini buluu na baadhi ya viuavijasumu, erithromaisini ikiwemo, vinaweza kudhuru bakteria wa mzunguko. Dawa hizo zisitiwe katika tangi kuu. Katika karantini amonia ipimwe kila siku muda wote wa tiba, na maji yabadilishwe kwa kuongeza dawa ya kiasi kilichotolewa. Shaba, inayotumika dhidi ya vimelea wa bahari, huua pia kaa, kamba na matumbawe.

Hapa wafugaji wetu hukosea kwa sababu mchanga wa matumbawe na makombe ni vitu vya kuokota tu ufuoni. Vitu hivyo vya chokaa hunyonya shaba, kipimo hushuka bila mtu kujua, na tiba hushindwa. Kitangi cha karantini kibaki na sakafu tupu, na vipande vya bomba la plastiki viwe maficho. Mkaa wa chujio nao utolewe wakati wa tiba, kwani hunyonya dawa nyingi, na bidhaa za kufunga amonia zisichanganywe na shaba.

Dhana: kubadili maji mara kwa mara huvunja mzunguko

La. Bakteria wako katika sponji, hivyo hata nusu ya maji ikitolewa wao hubaki, ilimradi maji mapya hayana klorini na yanalingana na ya zamani kwa joto, pH na chumvi.

Dhana: karantini ikiisha, wote waingie pamoja na sponji yao

Idadi ya bakteria wa tangi kuu hulingana na amonia wanayoipata kwa kawaida, nao huongezeka polepole. Huhitaji saa nyingi kugawanyika mara moja. Samaki wanane wakiingia kwa siku moja katika tangi lenye wanane, amonia huweza kupanda kabla ya chujio kuwahi. Waingie wawili wawili, kwa kupishana siku kadhaa, chakula kikipunguzwa na maji yakipimwa.

Sponji iliyokuwa karantini na ugonjwa au dawa isirudi tangi kuu hata ikiwa ni nzuri kiasi gani. Ioshwe kwa maji yenye jiki pamoja na kitangi na mabomba, isuuzwe sana, kisha ianikwe juani hadi ikauke kabisa ndani na nje, kwa maana vimelea wa madoa meupe, wa maji baridi na wa bahari, hawaishi pakavu. Siku hiyo hiyo sponji nyingine itiwe katika tangi kuu ianze kukomaa kwa ajili ya samaki atakayefuata.