Je, wajua kwa nini pikapu ndogo ya dizeli huvuta tela na boti vya tani mbili?

Asubuhi moja mwaloni Igombe, ufukwe wa kuegeshea boti kando ya Ziwa Victoria, pikapu ilirudi kinyumenyume hadi tela likaingia majini. Boti ya faiba ikapandishwa na kufungwa kamba, na vijana wawili wakasimama na mawe mkononi, tayari kuyaweka nyuma ya matairi kama gari lingerudi. Dereva akatia gia ya kwanza, akaachia klachi polepole. Sikusikia mngurumo wa kutisha. Sauti ya injini ilizama kidogo, ikawa nzito, na tela likatoka ziwani likichuruzika maji. Ukifungua boneti ya pikapu kama ile utakuta injini ya lita mbili na nusu hivi. Sasa nguvu hiyo inatoka wapi?

Vijiweni jibu huwa fupi: dizeli ina nguvu. Si uongo, ila halijakamilika, na hapa kwetu Mwanza linaweza kumponza anayetafuta gari la kuvutia mzigo.

Tuanzie ndani ya silinda. Kwenye injini nyingi za petroli, hewa na mafuta huingia pamoja, hukandamizwa pamoja, kisha plagi huwasha. Ukikandamiza mno, mchanganyiko huo huwaka wenyewe kabla ya wakati na injini hugonga. Dizeli hukandamiza hewa peke yake. Injini ya Hilux ya lita 2.4, iitwayo 2GD-FTV, huibana hewa mara 15.6, zile za zamani zilipita mara 20. Aliyewahi kujaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi kitako cha pampu kinavyopata moto. Ndani ya silinda joto hupita nyuzi 500 za Selsiasi, na nozeli ikimwaga mafuta yanawaka papo hapo bila plagi. Mjerumani Rudolf Diesel aliifanikisha injini ya namna hii mjini Augsburg mwaka 1897.

Siri yenyewe iko hapa. Kwa kuwa mafuta hayamo wakati hewa inabanwa, unaweza kuisukumia injini hewa nyingi zaidi bila kuogopa igonge. Kazi hiyo hufanywa na tabo, feni ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka. Hewa ikizidi, mafuta yanaongezwa, na pistoni inasukumwa kwa kishindo kikubwa hata injini ikiwa inazunguka taratibu. Ile 2GD hutoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita (kipimo cha nguvu hiyo) 400 kati ya mizunguko 1,600 na 2,000 kwa dakika. Injini ya petroli ya Toyota ya lita 2.7 hutoa kama 245, tena lazima ifike karibu mizunguko 4,000.

Lakini chukua dizeli ya zamani ya lita 3 isiyo na tabo, zile 5L za Toyota ambazo bado zinachapa kazi barabarani: ina karibu 200 tu. Ni chini ya petroli! Kwa hiyo sifa tunayoipa dizeli, nusu yake ni ya tabo. Na Mwanza jambo hili lina uzito wa pekee. Kwa kuwa tuko kando ya maji, wengi hudhani tuko bondeni, kumbe uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Injini isiyo na tabo inavuta hewa kama ilivyo, kwa hiyo huko pwani ilikuwa na nguvu ambayo huku haitaipata. Yenye tabo hufidia sehemu kubwa ya pengo hilo. Ukinunua gari lililotumika Dar, lijaribu mlimani huku kabla hujatoa sifa.

Sasa tupige hesabu ya ule mwalo. Pikapu tani mbili, tela na boti tani mbili, jumla nne. Mteremko ukipanda mita moja kila mita kumi, gari linabeba mzigo sawa na kunyanyua kilo 400 moja kwa moja juu, yaani magunia manne ya mahindi ya kilo mia mia. Kwenye magurudumu hiyo inadai kama nyutoni-mita 1,450. Gia ya kwanza pamoja na difu, yaani gia za kwenye ekseli ya nyuma, huzidisha nguvu ya injini zaidi ya mara 15, kwa hiyo injini yenyewe inatakiwa kutoa chini ya 100. Hata petroli inaweza! Tofauti ni kwamba dereva wa petroli atakanyaga mafuta mpaka injini ilie na klachi itoe harufu, wakati dizeli inaondoka karibu na mizunguko ya sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta.

Panda mwinuko huohuo barabarani kwa gia ya tatu, inayozidisha kama mara 5, na injini inadaiwa karibu 290. Ile petroli ya 245 imeshindwa, inabidi urudi gia ya pili. Dizeli ya 400 inaendelea kupanda kwa sauti ileile.

Kuvuta, basi, si shida. Kinachonitia hofu ni kusimama. Watengenezaji wa Toyota Hilux na Ford Ranger za dizeli huruhusu hadi kilo 3,500 kwa baadhi ya aina zake, ila kwa tela lenye breki zake lenyewe. Lisilo na breki, mwisho ni kilo 750. Matela mengi yanayochomelewa gereji hayana breki, na yanabebeshwa tani nzima na zaidi. Breki za pikapu hapo zinasimamisha uzito ambao hazikutengenezewa. Injini nayo haisaidii sana, maana dizeli kwa kawaida haizibi njia ya hewa unapoachia mafuta kama petroli ifanyavyo. Teremka kwa gia ileile ambayo ungepandia.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wazoefu wa mwaloni hulifanya bila kueleza. Injini ya boti ikiachwa inaning'inia nyuma, uzito unakaa nyuma ya ekseli ya tela. Mbele ya tela panakuwa pepesi, panainua mkia wa pikapu, na matairi ya nyuma yanateleza kwenye mchanga mbichi hata kama una nyutoni-mita 400. Barabarani tela hilo litaanza kuyumba. Takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela inapaswa kukaa kwenye chuma cha kuvutia. Ndiyo maana asubuhi ile Igombe, kabla ya chochote, vijana waliifungua injini ya boti, wakaibeba wawili wawili wakipokezana, na kuilaza kwenye bodi ya pikapu, juu kabisa ya matairi ya nyuma.