Kukodi boti ya matanga Ugiriki: cheti cha nahodha, orodha ya waliomo na nanga ya Hydra

Kiangazi cha Ugiriki kinapokaribia, maswali mengi yanayofika kwenye dawati letu la usalama wa vyombo vidogo huwa ni ya aina moja. Ndugu au marafiki sita, wanane, wengi wao Watanzania na Wakenya wanaoishi Uingereza, Ujerumani au Uholanzi, wamechanga fedha na wanataka kukodi boti ya matanga kwa wiki moja kuzunguka visiwa. Ni jambo jema na tunaliunga mkono. Malalamiko nayo yameongezeka, na mengi yangeweza kuepukika kabla mtu hajalipa hata senti moja.

Lililotuuma zaidi ni la mzee mmoja aliyeongoza majahazi, baadaye boti za abiria, kati ya Unguja na Pemba kwa zaidi ya miaka ishirini. Alifika marina ya Alimos, Athens, Jumamosi alasiri na watoto na wajukuu, boti ikiwa imelipiwa yote. Kijana wa kampuni akaomba cheti. Mzee akatoa cheti chake cha nyumbani, kimetiwa plastiki, pamoja na barua ya mwajiri wake wa zamani. Yule kijana akavisoma vyote viwili, akavirudisha kwa adabu, na funguo hakutoa. Familia ikalala hotelini siku mbili mpaka nahodha wa kukodi alipopatikana. Mzee alituandikia kwamba amebaguliwa.

Kwa heshima zote tunazompa, hapakuwa na ubaguzi. Ugiriki haikabidhi boti inayokodiwa bila nahodha wa kampuni ila kwa mtu mwenye cheti kinachotambuliwa huko, na cheti hicho lazima kiseme wazi kwamba ni cha boti ya matanga. Kinachokubalika kwa wepesi zaidi ni kile kinachojulikana kwa herufi ICC, yaani cheti cha kimataifa cha umahiri wa kuendesha boti, kilichotokana na Azimio Namba 40 la Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya. Nchini Uingereza cheti hicho hutolewa na RYA, chama cha waendesha boti. Ukikipata, kisome. Kina sehemu ya maji ya ndani, yaani mito na mifereji, na sehemu ya maji ya pwani. Kina sehemu ya boti za injini na sehemu ya matanga. Aliyefanya mtihani kwenye mfereji kwa boti ya injini hawezi kuondoka nacho Alimos na matanga, hata kama herufi tatu za juu ni zilezile. Angalia pia tarehe ya mwisho. Tuma nakala kwa kampuni kabla ya kulipa amana, upate jibu la maandishi kwamba wameikubali, kisha safiri na cheti chenyewe. Picha ya kwenye simu haitoshi.

Hata huyo mwenye cheti peke yake hatoshi. Sheria inataka mtu wa pili ndani ya boti anayejua kazi: ama naye awe na cheti, ama asaini tamko kwamba ana uzoefu wa baharini. Tunaulizwa kila wiki kama mke au kijana wa miaka kumi na tisa anaweza kusaini tamko hilo ili kukamilisha karatasi. Anaweza, kama anajua kushika usukani na kutua tanga wewe ukiwa umeanguka na kuvunjika mguu. Kama hajui, usimsainishe. Litakapotokea la kutokea, tamko hilo litawekwa mezani mbele ya mamlaka ya bandari na ya kampuni ya bima, naye ndiye atakayeulizwa.

Kisha kuna mkataba wa kukodi na orodha ya waliomo. Kampuni hukamilisha taratibu zake na mamlaka kabla hujang'oa nanga, na orodha hiyo hubeba jina la kila mtu kama lilivyo kwenye pasi yake ya kusafiria. Siyo jina la nyumbani, wala jina la mume lisilokuwa kwenye pasi. Mgeni akipanda kisiwa cha Poros na mwingine akashuka cha Aegina, piga simu kampuni orodha irekebishwe kabla ya kuondoka gatini, siyo baada. Weka mkataba, orodha, karatasi za boti, bima, vyeti na pasi zote katika mfuko mmoja usioingia maji, karibu na meza ya ramani. Walinzi wa pwani wakikusimamisha, ndivyo watakavyoviomba, na aliyesaini kama nahodha ndiye atakayejibu kwa kila upungufu. Kusema kwamba boti ni ya kampuni hakumsaidii.

Kuhusu viza tunaomba tueleweke. Mwenye pasi ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen, na bahari haibadilishi hilo. Kutoka kisiwa cha Kos unaiona kwa macho Bodrum, mji wa Uturuki, na kutoka kisiwa cha Samos pwani ya Uturuki iko karibu zaidi. Watu huona ni matembezi ya mchana. Ukivuka, umetoka Schengen. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, imekwisha, na boti inatakiwa irudi Ugiriki wakati wewe huruhusiwi tena kuingia. Mikataba mingi pia inakataza boti kutoka kwenye maji ya Ugiriki bila ruhusa ya maandishi, na ukiikiuka bima haikulindi. Wanaosafiri kutoka Afrika Mashariki wajue kuwa Ugiriki ina ubalozi Nairobi, na maombi yafanywe miezi kabla, siyo wiki.

Sasa bahari yenyewe. Nahodha wa kwetu amelelewa na kaskazi na kusi, pepo zenye miezi yake na dalili zake. Bahari ya Aegean ina meltemi, upepo wa kaskazini unaotawala Julai na Agosti. Huvuma mbingu ikiwa safi, jua likiwaka, pasipo wingu hata moja la kukuonya. Katika visiwa vya Cyclades hufika kwa kawaida nguvu 5 hadi 7 kwa kipimo cha Beaufort, na unaweza kushikilia hivyo siku kadhaa mfululizo. Wiki ya kukodi huanza Jumamosi na kuisha Jumamosi, na boti hutakiwa iwe imerudi Ijumaa jioni. Watu walioteremka na upepo hadi Paros au Santorini kwa raha zote hujikuta Alhamisi wanatakiwa kuupanda upepo uleule, mawimbi yakiwapiga omo, yaani mbele ya boti, watoto wakitapika chini. Wanaotoka kwa mara ya kwanza tunawashauri Ghuba ya Saronic, ambako Alimos hadi Aegina ni kama maili 16 za bahari, au upande wa Ionian, Lefkada, Ithaki na Kefalonia, ambako upepo wa alasiri kwa kawaida huwa mpole zaidi.

Jambo jingine wenzetu hawalizingatii: Bahari ya Kati haina kujaa na kupwa kwa maana tunayoijua. Unguja wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita nne, na chombo kilichopanda fungu husubiri maji yajae kiondoke. Mlango wa Poros una maji machache upande wa Galatas, mji wa bara unaokabili kisiwa hicho. Ukipanda mchanga pale, hakuna maji yatakayokuja kukuinua. Utavutwa, na kuvutwa kunalipiwa.

Halafu nanga. Bandari nyingi za visiwa hazina nafasi ya kulaza boti ubavu. Unatupa nanga mbali na gati, unarudi nyuma kwa tezi huku mnyororo ukifunguka, dafrau, yaani maboya ya kuzuia boti zisigongane, zimening'inizwa pande zote mbili, kisha unafunga kamba mbili gatini. Kisiwa cha Hydra kina bandari ndogo, na kiangazi boti hujipanga hata safu ya pili na ya tatu, kwa hiyo minyororo hulaliana chini. Asubuhi unavuta nanga yako inakuja na mnyororo wa jirani juu yake. Usiivute kwa nguvu za winchi. Pitisha kamba chini ya mnyororo wa jirani, funga ncha zote mbili omo, teremsha nanga yako mita moja mpaka ijinasue, ipandishe, kisha achia ncha moja ya kamba. Ni kazi ya dakika tano kwa mtu aliyetulia. Tumeona picha za vidole vilivyosagwa na mnyororo kwa sababu mtu alijaribu kuuinua kwa mkono.

Hydra hiyohiyo, Juni 2024, msitu wa misonobari uliungua kwa moto ambao mamlaka ilisema ulitokana na fataki zilizorushwa kutoka kwenye boti ya kifahari, na mabaharia 13 wakakamatwa. Kwa hiyo fataki, hapana, wala moto wa kuchoma samaki ufukweni. Vivyo hivyo vitu vya kale. Kigae cha mtungi ulichokiona chini ya maji kinalindwa na sheria 3028 ya mwaka 2002, na kukichukua ni kosa la jinai hata kikiwa kidogo kama kiganja cha mtoto.

Mwisho ni jambo ambalo wachache hutuuliza, na sisi tunalitaja kwa kila anayepita upande wa mashariki wa Aegean. Mtu asiyekuwa kwenye orodha yako asipande boti yako kuvushwa kisiwa hadi kisiwa, hata akiwa anazungumza Kiswahili chako na ana mtoto mgongoni. Kumvusha mtu asiye na hati kunahukumiwa kama usafirishaji haramu, na adhabu ni kifungo cha miaka mingi kinachohesabiwa kwa kila kichwa. Lakini ukiwakuta watu katika hatari majini, sheria ya bahari inakutaka uwasaidie, na hapo usisite. Ita kwenye redio, chaneli 16, au piga 108 kwa walinzi wa pwani, au 112. Taja mahali ulipo kwa namba za ramani, taja idadi ya watu na hali ya chombo chao. Andika saa uliyopiga na maelekezo uliyopewa kwenye daftari la boti. Kaa karibu ili waonekane, watupie majaketi okozi na kamba yenye boya, na aliye majini anazama umtoe. Usiondoke hapo mpaka walinzi wa pwani wafike au wakuambie vingine.