"Amezoea, daktari"

Juzi kijana mmoja aliniletea punda wa kubebea mchanga. Nilipoinua gunia la mgongoni, liling'oka na ngozi. Chini yake kidonda kipana kama kiganja changu, juu ya mabega, kimelowa usaha. "Amezoea, daktari," akasema. "Angekuwa anaumwa angepiga mateke."

Neno hilo nimelisikia sana hapa Lamu, na ndilo linaloniletea wagonjwa waliochelewa. Punda huficha maumivu. Porini, aliyeonyesha udhaifu ndiye aliyewahiwa na simba. Tumbo likimsokota farasi, utamwona akigaagaa. Punda mara nyingi husimama tu, kichwa chini, masikio yamelegea, hagusi chakula. Watu husema amechoka.

Akisimama njiani, basi ni mkaidi. Kumbe punda akiingiwa na hofu huganda kwanza, alipime jambo kabla ya kupiga hatua. Ukimchapa pale pale, umemthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa. Kesho ataganda mapema zaidi, na fimbo itaongezwa, tena juu ya kidonda, kwa sababu hapo ndipo "anaposikia".

Siwalaumu vijana peke yao. Vichochoro vyetu havipitiki kwa gari, kwa hiyo mchanga, saruji na mawe hupita mgongoni mwa punda. Kijana hulipwa kwa safari, na punda si wake. Mwenyewe yuko nyumbani, wala hajawahi kufungua matandiko akaona kilichoko chini. Punda afe, mzigo wa bwana ufike: wengine huusema kwa kucheka, mimi nimeuona ukitimia. Jioni punda wanafunguliwa wakajitafutie chakula jalalani. Nimepasua mizoga nikakuta utumbo umezibwa na fundo la plastiki.

Yule wa juzi nilimsafisha kwa maji ya chumvi, nikaagiza apumzike mpaka kidonda kifunge. "Nitakula nini?" kijana akauliza, na swali lake lilikuwa la haki. Nikamwita mwenye punda. Tulishona mito miwili ya makumbi ya nazi, mmoja kila upande, uti wa mgongo ubaki wazi. Kisha nikamwomba mzee apitishe mkono wake chini ya lile gunia kuukuu, nami nikalikandamiza kwa juu.

Aliutoa upesi, akautazama.

"Na wale wawili wengine?" akaniuliza.

Nikamwambia awalete.