Klemu za bima na faili la mgonjwa: yanayosemwa na yaliyoandikwa

Nikitaja tu kwamba kazi yangu ni kuhakiki klemu za bima, yaani madai ya malipo ambayo hospitali inapeleka kwenye bima, mtu anacheka, "ahaa, kumbe we ndo unakamata wezi". Hapana bana. Nakaa kwenye kachumba ka hospitali moja hapa Mwanza, mkono huu fomu ya bima, mkono huu faili la mgonjwa, nasoma hiki nalinganisha na kile, kutwa nzima. Mwizi wa kweli kwangu ni adimu kuliko sangara wa bei poa pale soko la samaki la Mwaloni. Ninachokutana nacho kila siku ni uchovu, haraka na hesabu mbovu.

Chukua huyu mvuvi, kichocho cha tumbo, kitu cha kawaida kabisa kwa watu wanaoshinda ndani ya maji ya ziwa. Daktari kaandika praziquantel, dawa ya kichocho, miligramu 40 kwa kila kilo. Mgonjwa ana kilo 60, piga hesabu unapata miligramu 2,400, na kidonge kimoja kina 600, kwa hiyo vidonge vinne, basi. Fomu ikaja na vidonge 40. Aliyeingiza aliona 40 kwenye faili akaipeleka kama ilivyo kwenye sehemu ya idadi. Ukiikuta hiyo fomu peke yake bila faili unasema hawa wanaiba mchana kweupe, ukifungua faili unaona kabisa namba ilikotoka.

Dhana nyingine, na hii wanaipenda sana mabosi: siku hizi kuna mfumo, kompyuta inakamata kila kitu. Mfumo unakamata kadi iliyoisha muda, unakamata namba ya uanachama yenye tarakimu pungufu, sawa, hilo naupongeza. Lakini niliwahi kukuta mtoto wa kilo 12 kaandikiwa malaria na ALu, ile dawa ya mseto ya malaria, vidonge 24. Ishirini na nne ni dozi ya mtu wa kilo 35 kwenda juu, vinne asubuhi vinne jioni siku tatu, huyu mtoto dozi yake ni vidonge sita tu, kimoja kimoja. Mfumo ukapitisha bila kukohoa, maana malaria na ALu vinaendana, yeye haulizi uzito. Na mimi nilipofungua faili nikakuta kubwa zaidi: kipimo cha haraka cha malaria kimeandikwa hakina vimelea, na daktari chini yake kaandika mafua, apewe panado. Yaani hiyo malaria nzima ilitoka kwenye klemu ya mtoto mwingine aliyefuata kwenye foleni. Angalau dawa zenyewe duka la dawa walitoa sahihi, ilikuwa ni karatasi tu.

Kuna wanaodhani faili likiwa na jina la ugonjwa limejitosheleza. Wapi! Ugonjwa unasema kwa nini, haukuambii nini kilifanyika na mara ngapi. Hapa wodini ndo pana utamu wake. Mgonjwa kalazwa Jumatatu jioni, kaanzishiwa ceftriaxone, antibayotiki ya sindano, gramu moja kila baada ya saa 12, karuhusiwa Alhamisi asubuhi. Karani anahesabu kwa vidole, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, siku nne mara mbili, vichupa nane. Sasa shika ile karatasi ya dawa ya wodini uangalie saini za manesi: Jumatatu moja ya jioni, Jumanne mbili, Jumatano mbili, Alhamisi moja ya asubuhi. Sita. Na usiku aliolala ni mitatu. Hakuna aliyedanganya hapo, ni kalenda imetumika badala ya saini.

Halafu kuna ile ya "si tunajazia tu baadaye". Picha ya kifua imedaiwa, kwenye faili hakuna majibu wala jina la aliyeisoma, mtu anakuja kuniuliza kalamu ya rangi ileile iko wapi. Ndugu yangu, kuongezea kitu kilichosahaulika inaruhusiwa, unaandika kwa tarehe ya leo, unasema ni nyongeza, unasaini. Kosa unalichora mstari mmoja lisomeke, hulifukii kwa wino. Kurudisha tarehe nyuma ndo kunageuza usahaulifu kuwa ughushi, na hapo hata mimi siwezi kukutetea.

Wagonjwa nao wana yao: hela ni ya bima, mimi inanihusu nini. Mtumishi wa serikali anakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaweka 3 nyingine, hiyo ni hela yako inatembea. Juzi mama mmoja kaja na kitenge chake bado kina harufu ya dagaa, dada wa mapokezi anamwambia asubiri fomu ijazwe, mama anasema "mwanangu we nipe nisaini, utaandika mwenyewe, mimi nawahi gari la Kisesa". Fomu tupu kabisa! Nikatoka nje nikamwambia mama yangu shikamoo, naomba dakika kumi, ukisaini sasa hivi unakubali hata nikiandika umetolewa jino. Akacheka, akakaa. Gari likamwacha kweli, nikalaumiwa mpaka lilipokuja lingine.

Nimalizie na hii maana inaniuma zaidi: kwamba makosa yote yanaipendelea hospitali. Nenda kasome faili la mgonjwa mahututi ulinganishe na fomu yake. Nesi kaandika oksijeni kuanzia saa nne usiku, mpira wa mkojo umewekwa, kidonda kimesafishwa asubuhi na jioni. Kwenye klemu: kitanda, dripu, mwisho. Vile vingine vyote vimefanyika, vimetumika, havikudaiwa, kwa sababu aliyejaza alisoma ukurasa wa daktari tu, ule wa nesi nyuma hakuufungua. Mimi siku hizi naanza na ukurasa wa nesi, daktari baadaye, fomu naishika mwisho kabisa.